Daftari Linaloniua Kila Asubuhi

Edouard Kaumba
Mwalimu mstaafu
Kamalondo, Lubumbashi

Kwa Papa Fils Kisimba
Rais wa Chama cha Kusaidiana cha Familia za Kaskazini
Hapa mjini

Yahusu: kukataa daftari la kompyuta liandike wasifu wa marehemu, hasa marehemu ambaye ni mimi

Bwana Rais, na mwanangu,

Nakusalimu wewe, mama wa nyumba yako na watoto, nikiomba barua hii iwakute wazima kuliko ilivyoniacha. Miguu yangu imevimba, moyo unafanya kazi kwa mapumziko, na daktari, ambaye zamani aliniandikia dawa mpya kila nilipokwenda, sasa ananiuliza habari za wajukuu tu. Padri amekwisha kunipaka mafuta. Naandika juu ya trei ya chai, mistari michache kila ninapopata pumzi. Ukiona mwandiko unapanda kilima, ni kwa sababu ya mto ninaouegemea.

Nasema haja yangu mapema, maana sina muda wa kuzunguka. Jumapili hii, baada ya misa ya pili, Chama kitakutana kuamua kama wasifu wa marehemu wetu wote utaandikwa tangu sasa na daftari la kompyuta la mjukuu wangu Syntiche. Wa kwanza kwenye mstari, kila mjumbe anajua na hakuna anayethubutu kusema, ni mimi. Naomba Chama kikatae. Naomba maneno yatakayosomwa juu ya sanduku langu yawe maneno yangu, yaliyoandikwa kwa wino, yakakauka, yakabaki vile.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu, kwa hiyo unajua desturi hii imepita mikononi mwa nani. Kabla sanduku halijateremshwa, mmoja wetu husimama na kusoma maisha ya marehemu: alikozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyofanya, aliyemwoa, ugonjwa uliomchukua na watu aliowaacha. Mimi ndiye niliyeandika kurasa hizo tangu nilipokuwa mwalimu kijana mpaka mkono ulipoanza kutetemeka. Nimewaandikia baba zenu na mama zenu. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Kwa wajumbe ambao hawajaliona daftari lenyewe, nalieleza kwa haki. Syntiche, aliyesomea mambo ya kompyuta chuo kikuu, hulifungua kwenye kioo cha mashine yake. Wenzake wanaliita notebook; mimi naliita daftari, ingawa halina karatasi wala harufu. Limegawanyika katika visanduku. Vingine vina maagizo ya kuiambia mashine, vingine vina maandishi ya kusomwa na watu. Ujanja wa Syntiche ni kuyafanya maagizo yenyewe yaandike maandishi. Anatunga sentensi mara moja tu, anaacha matundu ndani yake, na kila tundu analizungushia mabano yenye kiuno chembamba. Ndani ya tundu haweki jina la mtu, anaweka jina la kitu: jina, umri, kijiji. Akibonyeza, mashine inajaza matundu yote kwa kile inachokijua siku hiyo. Akitaka neno liwe nene, analiwekea nyota mbili kila upande. Akitaka kichwa cha habari, anatanguliza alama inayofanana na njia za reli zinazokatana, na hapo sisi watoto wa wafanyakazi wa reli hatuna la kusema. Ni jambo la akili. Nakiri hilo ili ijulikane kwamba silalamiki kwa ujinga.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mazishi ya Mama Edith. Siku hiyo Syntiche alikuwa na haraka, maana umeme ulirudi kidogo tu kabla ya gari la maiti. Akaandika wasifu ndani ya kisanduku cha maandishi, kile kinachoonyesha lakini hakijazi matundu. Akachapisha bila kusoma. Jeannot, msomaji wetu, ni mtu ambaye tangu akiwa mtumishi wa altareni husoma kilichoandikwa, chote, bila kukihukumu. Alisimama mbele ya kaburi na kutangaza: “Marehemu jina la marehemu, binti wa jina la baba, alizaliwa mahali pa kuzaliwa. Alifariki akiwa na umri wa umri.” Waombolezaji waliitikia amina kila mahali palipostahili. Ni Nono tu, mume wa marehemu, aliyemvuta mtu wa karibu kwa mkono wa shati na kuuliza: “Ndugu, ule tunazika njo nani?”

Nilipomuuliza Syntiche, alinieleza huku akilia na kucheka pamoja. “Nkambo,” yaani babu, “ile kisanduku inaonyeshaka tu, haiwezi kujaza.” Ilibidi maandishi yahamishwe kwenye kisanduku cha maagizo, na mbele yake itangulizwe herufi ndogo f, ndipo mashine ijue kwamba matundu yanangoja kujazwa. Bwana Rais, heshima ya mama aliyelea watoto saba ilitegemea herufi moja isiyotamkwa na mtu yeyote.

2. Mazishi ya Alexis. Kosa hilo lilisahihishwa, likazaa kubwa zaidi. Alexis, msakristani wetu, aliishi peke yake katika chumba nyuma ya kanisa na hakuoa. Syntiche alibadilisha jina, umri na kijiji katika kisanduku cha juu, akakibonyeza, lakini akasahau kukibonyeza kile cha kati chenye habari za familia. Inaonekana mashine hii hushika ilichoambiwa mara ya mwisho mpaka iambiwe vingine. Syntiche alikuwa amegeukia kwa Alexis. Mashine ilikuwa bado inamlilia Mama Edith.

Hivyo Jeannot akasoma kwa sauti yake ileile kwamba Alexis ameacha watoto saba na mume mwenye majonzi aitwaye Nono. Nono alikuwepo, amevaa kitambaa cheusi cha msiba wa mkewe, na akajikuta amefiwa tena kabla hajamaliza kufiwa. Wanaume walimpa pole. Wengine walimpa kwa uso ambao si wa pole. Mtoto mmoja kati ya wale saba, ambaye anapenda mambo yaliyoandikwa, alikwenda kumwamkia dada yake Alexis kama shangazi. Dada huyo hana mtoto, na mpaka leo hajamkatalia. Nimesikia anamwekea chakula. Hata jambo hilo zuri halikupita kwenye kikao chochote cha Chama.

3. Maneno manene. Ili familia iweze kukagua kwa urahisi, Syntiche aliyawekea nyota matundu yote, hivyo kila kilichojazwa na mashine kikatokea kinene. Jeannot alifundishwa na mimi mwenyewe, darasa la tano, kwamba neno lililokolezwa husomwa kwa nguvu. Amelishika somo hilo vizuri kuliko masomo yote niliyompa. Katika mazishi ya mzee mmoja ambaye kwa heshima simtaji, ingawa Jeannot alimtaja vizuri sana, familia ilikuwa imewaambia watu wote kwamba marehemu alichukuliwa na moyo. Daftari liliambiwa ukweli. Jeannot aliteremka taratibu kwenye sentensi, akavuta pumzi, akapaza sauti: “KUHARA!” Wachimba kaburi waliacha majembe.

4. Sifuri. Hapa naomba wajumbe wanisikilize kwa makini, kwa sababu mpaka hapa mtu angeweza kusema haya ni makosa ya mtu mwenye haraka. Wasifu wa Alexis ulisahihishwa na kubandikwa mlangoni pa kanisa. Uliandikwa hivi: ameacha wajane 0, watoto 0, wajukuu 0. Niliusoma nikiwa nimeshikiliwa huku na huku, maana wakati huo bado nilikuwa natoka. Sijawahi kuona mtu akihesabiwa namna ile. Mimi, nilipokutana na mtu wa aina ya Alexis, nilikuwa najua mahali pa kunyamaza, na penye ukimya huo niliweka sentensi yangu moja ambayo watu waliizoea: “Watoto wa parokia nzima walimjua kwa jina.”

Nilimwambia Syntiche. Hakubisha. Aliandika agizo dogo: kama idadi ni sifuri, sentensi hiyo irukwe na mahali pake ikae nyingine. Kesho yake karatasi mpya ilikuwa mlangoni, na chini kabisa, bila kelele, imeandikwa kwamba watoto wa parokia nzima walimjua kwa jina.

Ile ni sentensi yangu, Bwana Rais. Niliitafuta kwa shida usiku wa matanga ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyemlilia, nikaitunza maisha yangu yote. Sasa mashine inaisema bila kufikiri, na inaisema mahali panapofaa. Ingekuwa inaisema vibaya ningeisamehe.

5. Kuuawa kwangu. Daktari alipoanza kuniuliza habari za wajukuu, Estelle, binti yangu, alimwomba Syntiche aanze kuandaa wasifu wangu mapema, ili nisizikwe kama Mama Edith. Syntiche akaniomba ruhusa. Nilikubali, nikidhani nitaletewa karatasi mara moja nitie sahihi.

Sivyo ilivyo. Syntiche hutoka Katuba kila asubuhi kwa taxi-bus, huja na mashine mgongoni, husogeza kiti karibu na miguu yangu na kuifungua. Kwa kuwa tarehe ya kufa kwangu haijulikani, penye tundu la tarehe ameiagiza mashine itazame saa yake yenyewe na kuandika siku ya leo. Umri nao inauhesabu upya. Kisha anabonyeza na kunisomea kwa sauti, ili nisahihishe: “Mwalimu Edouard Kaumba ametutoka leo.” Leo, Bwana Rais! Jana pia ilikuwa leo. Nakufa Jumatatu, nakufa Jumanne, nakufa siku ya soko, na kila mara tarehe ni sahihi. Nilipolalamika aliniambia: “Nkambo, usisumbuke. Siku itafika, haitakuwa na kosa.”

Alhamisi moja alimtumia mama yake ukurasa huo kwa simu ili aukague. Estelle hakuwa na miwani. Aliona jina langu, akaona ametutoka, akaona tarehe ya siku ile, akapiga yowe na kuusambaza kwenye kundi la Chama. Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka, turubai lilikuwa limefungwa kukatiza barabara yetu kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya kukodi vinashushwa, na mama wa Chama wapo uani, wamefunga vikwembe kiunoni, masufuria ya ugali juu ya moto. Nilijikokota mpaka mlangoni nikiwa na pijama, nikauliza nani amekufa.

Mama Clotilde, ambaye ndiye mkuu wa mapishi ya misiba yetu yote, alinitazama, mwiko mkononi. “Muzee,” akasema, “ni weye.”

Nilimwambia kwamba naona kuna kosa. “Njo vile banaandika,” akajibu. “Na date iko.” Nilimwomba aniguse. Alinigusa shavu kwa mgongo wa kiganja, akafikiri, akageuka kuutazama moto. “Sasa hii bukari tutapeleka wapi? Tulisha kupika.”

Hakuna aliyeondoka. Chakula kilikuwa kimeiva na viti vilikwisha kukodiwa mpaka jioni. Walinipa sahani, wakanikalisha miongoni mwa waombolezaji, tena si mahali pa mbele. Nikasikia habari zangu. Kwamba nilikuwa mkali. Kwamba mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kwamba nilimchapa Jeannot kwa sababu ya hesabu za kugawanya, na kwamba hesabu hizo hajazijua hata sasa. Dieumerci wa kwaya, ambaye alifika na machozi tayari na hakuniona pale nilipoketi, alilia vizuri mno. Nilifurahi, nikamwita ili nimshukuru. Alikasirika. “Muzee, unanilizisha bule mbele ya bantu!” Hajanisalimu tangu siku ile.

Wewe mwenyewe ulifika na hotuba mfukoni. Sikulaumu, ni wajibu wa Rais. Naomba tu kujua kwa nini ilikuwa fupi vile.

6. Kutotulia kwa maisha yangu. Kwenye karatasi, ukikosea unafuta, na mfuto unabaki. Msomaji anaona mwandishi aliwaza mara mbili. Katika daftari hili, ukibonyeza upya, maandishi ya jana yanatoweka kama hayakuwahi kuwepo, na mapya yanakaa mahali pake yakiwa yamenyooka na hayana aibu. Kwa njia hiyo nimepata maisha mengi kuliko ninayoyakumbuka. Jumatatu nilizaliwa Kabalo. Jumatano nilizaliwa Kongolo. Mke wangu, Mungu amrehemu, nilikutana naye mara kwenye kituo cha treni, mara kwenye kwaya, na wiki iliyopita nilikutana naye kwa mshonaji, akishonewa gauni la harusi ya mtu mwingine. Shule niliyosoma imehama ng'ambo ya mto na kurudi. Mtu anayekaribia kufa anastahili kuwa amezaliwa mahali pamoja.

Cha kushangaza ni uvumilivu wa binti huyu. Kila kosa likionekana, hakunji uso. Anarekebisha tundu, anabonyeza, na sentensi zote zinazotaja kijiji changu, hata zile za mwisho kabisa, zinageuka zenyewe. “Nabadilisha fasi moja tu, nkambo, mu fasi yote inabadilika yenyewe.” Kisha ananisomea tena tangu mwanzo, maana hataki kuruka kitu. Nakufa tena. Anakunywa chai yake. Saa zinakwenda. Akifunga mashine anasema: “Bila haraka, nkambo. Kesho nitakuya tena.”

7. Na hili ndilo zito kuliko yote, ndiyo maana nimelichelewesha. Syntiche ameitwa kazini Kolwezi, katika ofisi ya kampuni moja ya madini, kazi hasa ya mambo haya aliyosomea. Wamemwandikia, wakamwandikia tena. Amewajibu kwamba atakwenda wasifu wa babu yake ukisha kukamilika, si kabla. Estelle amelia naye. Mimi nimemwambia kwa ukali wote uliobaki kifuani mwangu aende. Anacheka na kuuliza, basi ile shule ilikuwa upande gani wa mto?

Hebu Chama kipime. Daftari hili lilimzika Mama Edith bila jina, likampa Alexis mume, likafichua tumbo la mzee wa watu, likaiba sentensi yangu, likaniua mbele ya Mama Clotilde, na sasa, kwa kushindwa kwake kujua mahali nilipozaliwa, linamfungia msichana maisha yake. Mashine iliyoletwa ili kuharakisha kazi ya dakika chache imeifanya kazi hiyo isiwe na mwisho. Mimi kwa kalamu ningeimaliza kwa kikao kimoja, na Syntiche angekuwa Kolwezi tangu zamani, amepata mshahara, amepata hata mchumba.

Kwa sababu hizo zote naomba Chama, Jumapili hii, kiamue haya: kwamba daftari la kompyuta lisiandike tena juu ya marehemu wetu, kwamba Syntiche aambiwe na Rais mwenyewe, kwa sauti ya kirais, kwamba kazi yake hapa imekwisha na aende akaishi, na kwamba juu ya sanduku langu usomwe wasifu niliouandika kwa mkono wangu, ambao nauambatisha katika bahasha iliyofungwa. Usifunguliwe kabla ya wakati. Asomaye awe Jeannot, kwa kuwa sina mwanafunzi mwingine anayetii maandishi kiasi kile. Hakuna neno hata moja lililokolezwa.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na wale wanaolala kwenye mikutano. Nisalimie Nono, mwambie simdhanii lolote. Mama Clotilde na mama wote wa mapishi wapokee shukrani zangu. Bukari ya siku ile ilikuwa laini, nasema hivi kama mtu aliyekula matanga yake mwenyewe na anaweza kulinganisha. Dada yake Alexis na mwanawe nawaombea baraka. Dieumerci mwambie machozi yake hayakupotea, nimeyahesabu kuwa yametolewa mapema. Na wewe, mwanangu Fils, urefushe hotuba.

Nimeandika nikiwa na akili timamu na pumzi chache.

Mwalimu wenu,
Edouard Kaumba

N.B. Nimeisoma barua hii tangu mwanzo kama nilivyowafundisha, na kuna jambo lazima niungame. Padri sikumwambia, kwa kuwa angeniamuru niache.

Daftari halijawahi kukosea juu yangu. Linasema kile tu linachoambiwa, na Syntiche anaandika kile tu ninachomwambia. Mimi ndiye niliyemwambia Kabalo. Nilipoona sentensi ya mwisho imekamilika na mkono wake unaelekea kufunga mashine, nikamwambia, hapana, ngoja, ilikuwa Kongolo. Akaketi tena. Tangu hapo nimefanya hivyo kila siku. Shule ni mimi niliyeihamisha. Kwa mshonaji sikukutana na mke wangu. Yeye alijishonea nguo zake mwenyewe. Nilikozaliwa nakujua vizuri.

Wasifu wa kwenye bahasha sijauandika. Bahasha ni tupu. Nimejaribu, lakini kwa kalamu ingenichukua kikao kimoja.

Mkilikataa daftari Jumapili, hatakuwa na kazi hapa na ataondoka. Mkilikubali, kazi itakuwa imekwisha na ataondoka. Ni lazima aondoke, na ofisi ile haitamngoja sana, lakini na mimi sitawangojesha sana. Kwa hiyo naomba msikatae wala msikubali. Ahirisheni. Hakuna chama Lubumbashi nzima kinachojua kuahirisha kama chetu. Semeni akidi haikutimia. Semeni nakala hazikutosha. Undeni kamati ndogo, na muiombe maoni yangu.

Akisha kusoma kwamba nimewatoka leo, Syntiche huinua macho kutoka kwenye kioo na kunitazama kidogo, kuhakikisha. Kisha anauliza: “Ni sawa, nkambo?” Tangu mke wangu afe, hakuna mtu aliyekuwa akinitazama kila siku kuona kama nipo.

Mlango wa uani unafunguliwa, naificha barua. Leo nitamwambia nilizaliwa Nyunzu.